Tumwombee Akiwa Njiani

Naanza na kosa langu mwenyewe, ili nitakapowakemea wengine msomaji ajue kwamba fimbo hii ilianzia mgongoni mwangu.

Nilipokuwa mchungaji kijana katika usharika mmoja wa nyanda za juu za Ufipa, mama mmoja wa kwaya alinijia na mwanawe wa miaka saba. Kila alfajiri mtoto aliamka akilia kichwa. Akishatapika, maumivu yanapungua, anakunywa uji wake wa ulezi na kwenda shuleni. Alikuwa amekwisha kupewa dawa ya malaria, ya minyoo na ya homa ya matumbo. Baada ya muda akaanza kupepesuka kama mtu aliyetoka kunywa kimpumu. Watoto wenzake walimcheka. Watu wazima hawakucheka. Walianza kunong'ona kuhusu shangazi yake, mjane aliyeishi peke yake nyumba ya tatu kutoka pale.

Nilifanya nini mimi mtumishi wa Mungu? Nilikataza asipelekwe kwa mganga, na hapo nilikuwa sahihi. Kisha nikatangaza maombi ya kufunga ya siku tatu. Siku tatu zikawa juma, juma likawa majuma. Nikampaka mtoto mafuta. Siku moja aliamka bila maumivu, nami Jumapili ile nikasimama madhabahuni nikatangaza kwamba Bwana amemponya. Kanisa zima likapiga vigelegele. Jumanne alitapika tena. Mama yake akaja kwangu jioni, hakuingia ndani, akasimama mlangoni na kuuliza: "Mchungaji, si nimpeleke mjini?" Nikamjibu: "Mama, tusimwonyeshe Mungu mashaka."

Jibu hilo lilimgharimu mtoto majuma sita.

Aliyetutoa gizani ni muuguzi wa zahanati, mama Mkatoliki ambaye hajawahi kukaa kwenye benchi la kanisa langu. Alimkuta mtoto njiani macho yamekengeza, akamwambia atembee kwa kufuata mstari uliochorwa ardhini, mtoto akaanguka. Saa ile ile aliandika rufaa. Wakaenda Sumbawanga mjini, kisha safari ya kupigwa picha ya CT ya kichwa, kisha Dar es Salaam. Waliona uvimbe kisogoni. Madaktari walipasua, wakaondoa sehemu kubwa ya uvimbe, wakayafungulia njia maji yaliyokuwa yamejaa kichwani. Mtoto aliamka salama, akaongea, akamtaja mama yake kwa jina. Lakini alikuwa haoni. Mishipa ya macho ilikuwa imebanwa kwa muda mrefu mno.

Alipata tiba ya mionzi, akarudi nyumbani, akaishi miezi kumi na minne. Mimi ndiye niliyemzika.

Niliwahi kumwuliza daktari kama tungempeleka mapema angepona. Hakunibembeleza wala hakunihukumu. Alisema kuhusu uhai wa mtoto hawezi kuapa, maana uvimbe wa namna ile huweza kuwa mkali tangu siku ya kwanza, na huu ulikuwa umekwisha kusambaa kwenye uti wa mgongo. Kuhusu macho yake, alisema, hana shaka. Nami sidai zaidi ya alivyodai yeye. Sisemi kwamba niliua. Nasema kwamba mtoto yule aliishi mwaka wake wa mwisho bila kuuona uso wa mama yake, na sehemu ya giza lile niliileta mimi nikiwa nimevaa kola ya uchungaji.

Ndiyo maana naandika. Katika makanisa yetu tumeuita ucheleweshaji kwa jina la imani. Nasema ni dhambi, na nasema ikome.

Ugonjwa wenyewe

Tuujue kwanza, kwa sababu ujinga ndio shamba ambamo uongo wetu huota.

Uvimbe ule huitwa meduloblastoma. Ni saratani adimu ukiilinganisha na magonjwa tunayoyazika kila siku, lakini miongoni mwa saratani za ubongo zinazowapata watoto, hii ndiyo inayoongoza. Huota katika ubongo mdogo, ulio kisogoni, unaosimamia mwendo na uwiano wa mwili. Ndiyo maana mtoto hupepesuka. Tena huota karibu na mfereji unaopitisha maji ya ubongo. Mfereji ukizibwa, maji hujaa na shinikizo hupanda. Mtu akilala usiku kucha shinikizo huzidi. Ndiyo maana kichwa huuma alfajiri, na kutapika huleta nafuu ya muda. Hakuna jini lenye ratiba ya alfajiri. Kuna mfereji ulioziba.

Chanzo chake ni nini? Kwa watoto walio wengi, ni mabadiliko yanayotokea ndani ya chembe za ubongo zinapokua. Wachache wamerithi kasoro ya vinasaba inayoongeza hatari. Hakuna chakula alichokula, hakuna dhambi aliyoitenda mama, wala hakuna shangazi.

Jina la ugonjwa huu lilitolewa na Harvey Cushing na Percival Bailey wa Marekani mwaka 1925. Wakati huo karibu kila mtoto aliyeupata alikufa. Mwaka 1953 madaktari wa Manchester, Uingereza, walichapisha habari za watoto waliopigwa mionzi si kisogoni tu bali ubongo wote na uti wote wa mgongo, kwa kuwa chembe za uvimbe huu husafiri na maji ya ubongo. Baadhi yao waliishi. Baadaye zikaongezwa dawa za saratani za kuingizwa kwenye mishipa. Leo njia ni hii: upasuaji kwanza, kuondoa uvimbe kadiri inavyowezekana bila kumharibu mtoto, kisha mionzi, siku tano kwa juma kwa takriban majuma sita, kisha dawa kwa miezi. Watoto walio chini ya miaka mitatu hukwepeshwa mionzi inapowezekana, kwa kuwa huuharibu ubongo ambao bado unakua.

Na matarajio je? Katika nchi zenye tiba kamili, mtoto ambaye uvimbe wake umeondolewa wote au karibu wote, na haujasambaa, ana nafasi ya takriban 8 kati ya 10 ya kuwa hai baada ya miaka mitano. Uliokwisha kusambaa, nafasi hupungua, lakini haiishi. Wataalamu sasa wanajua kwamba meduloblastoma si ugonjwa mmoja; wameugawa katika makundi manne makuu kwa kuchunguza vinasaba, na katika kundi moja zaidi ya watoto 9 kati ya 10 hupona. Uponaji huo una gharama zake: wengine husikia kwa shida, wengine hawarefuki kama ndugu zao, wengine hujifunza polepole shuleni. Lakini wanaishi, na wanamwita mama.

Sasa linganisha. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani za kila aina hupona, na katika nchi nyingi maskini ni chini ya asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kufikisha asilimia 60 duniani kote ifikapo mwaka 2030. Pengo hilo lina sababu nyingi, na nyingi hazimo mikononi mwa wachungaji: mashine, dawa, wataalamu, barabara. Lakini mbili zimo mikononi mwetu kabisa, kuchelewa kufika na kuacha tiba katikati. Hizo ndizo ninazozigombea.

Uongo wa kwanza: amerogwa

Jina la mji wetu watu hulifasiri kuwa ni amri: tupa uchawi. Wazee wa Ufipa wanalikumbuka vuguvugu la Kamchape lililopita vijijini miaka ya 1960 likidai kuwasafisha wachawi. Kamchape ilipita, lakini swali lake halikupita: nani amemfanyia? Mtoto akipepesuka, jicho la kijiji humtafuta mjane.

Wachungaji wengi tunadhani tumeushinda uchawi kwa kuukemea kwa sauti kubwa. Sikiliza maombi yetu vizuri. Tunapopaza sauti kwamba tunavunja nguvu za aliyemtuma pepo huyu, tumekwisha kukubali hoja ya mganga. Tumebadilisha dawa tu. Mtu wa tatu kutoka nyuma anajua "aliyemtuma" ni nani, na usiku paa la mjane hupigwa mawe. Shangazi wa mtoto niliyemzika alihama kijiji kabla ya mazishi. Picha ya CT ilimsafisha, lakini ilifika wakati yeye amekwisha kuondoka, na mimi sikuwahi kusimama madhabahuni kusema kwamba hana hatia.

Wanafunzi wa Yesu walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, waliuliza swali letu hili hili: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Bwana alilikataa swali lenyewe. Someni Yohana 9 yote, mkatazame pia jinsi watu wa dini walivyomhoji kipofu badala ya kufurahi naye.

Uongo wa pili: hospitali ni mashaka

Hili ndilo lililokuwa langu, nami nalijua kwa ndani. Linafanana na ucha Mungu, ndiyo maana ni hatari kuliko la kwanza.

Tufungue 2 Wafalme 20. Hezekia anaugua. Nabii Isaya anakuja kumwambia, bila kuzunguka, kwamba atakufa. Mfalme anageukia ukuta, analia na kuomba. Mungu anamwongezea miaka 15. Halafu Isaya anaagiza nini? Mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ukweli kuhusu ugonjwa, maombi na dawa vimo katika sura moja, na hakuna kimoja kinachomwonea mwenzake wivu. Yakobo anawaagiza wazee wampake mgonjwa mafuta na kumwombea. Hakuwaagiza wamfungie mlango asitoke. Msamaria alimwaga mafuta na divai, kisha akampandisha mgonjwa juu ya mnyama wake, akampeleka, akalipa. Paulo alikuwa na Luka, na hakumwita mwenye mashaka bali tabibu mpendwa.

Sisi Walutheri hatuna hata udhuru wa kusema mababa zetu hawakutufundisha. Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, Luther alibaki mjini kuhudumia wagonjwa, akamwandikia Johann Hess, mchungaji wa Breslau, waraka kuhusu kuikimbia tauni. Humo anawaonya wale wanaodharau dawa kwa kujidai wanamtumaini Mungu. Kwake hao hawamtumaini Mungu; wanamjaribu. Mungu ndiye aliyeziumba dawa na kutupa akili ya kuulinda mwili, na anayeziacha makusudi yuko karibu na mtu anayejiua. Maneno hayo yana karibu miaka 500. Chuoni tuliyasoma na kuyafanyia mtihani. Kisha tukaja usharikani tukayasahau siku ya kwanza tulipoona umati unapenda miujiza.

Tusiwaoneshe vidole wahubiri wa mahema tu. Mwaka 2011, mchungaji mstaafu wa kanisa letu wenyewe, Ambilikile Mwasapila, alinywesha watu kikombe kule Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Magari yalijipanga kilomita kwa kilomita. Wagonjwa walitolewa wodini, na wapo waliofia kwenye foleni. Wapo viongozi wetu waliomtetea hadharani. Yule mzee amekwisha kulala. Sisemi juu ya moyo wake, Mungu anaujua. Nasema juu yetu tuliosimama foleni na tulionyamaza. Na Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kuyawahi mafuta ya upako. Baada ya hayo yote bado tunasema shida ya watu wetu ni upungufu wa imani?

Kuna jambo moja kuhusu kikombe kile ambalo halijaacha kunisumbua. Kutoka Rukwa hadi Loliondo ni mbali mno, na nauli zilipatikana. Ng'ombe waliuzwa, mahindi yaliuzwa, ndugu walichangishana kwa siku mbili. Familia zile zile hutuambia kwamba Mbeya ni mbali na Dar es Salaam hakuendeki. Umaskini wa Ufipa ni wa kweli, nimekulia ndani yake. Lakini fedha hufuata mahali ambapo viongozi wa imani wamenyosha kidole. Kidole chetu kimekuwa kikinyoshwa wapi?

Uongo wa tatu: tumeona amepona

Uongo huu una nyuso mbili. Uso wa kwanza ni kutangaza uponyaji ambao haupo. Mtoto wa meduloblastoma huwa na siku nzuri. Dawa za kupunguza uvimbe wa ubongo, kama deksamethasone, humfanya aamke, ale na kucheka ndani ya siku chache, na uvimbe wenyewe bado upo pale pale. Upasuaji nao humletea nafuu kubwa. Hapo ndipo nabii hutokea na kusema: amepona, mwondoeni, mionzi itamuua. Msomaji, tafadhali lishike hili: baada ya upasuaji, chembe zilizobaki hazionekani, ila zipo. Mionzi ianze mapema jeraha likishapona, na isikatizwe. Utafiti mmoja mkubwa wa Ulaya uliwalinganisha watoto waliomaliza mionzi ndani ya siku 50 na waliozidisha. Waliowahi waliishi vizuri zaidi. Kwa hiyo anayemtoa mtoto katikati ya mionzi ili aje kwenye mkesha, hata kwa juma moja, anamnyang'anya kitu ambacho mkesha hauwezi kukirudisha.

Uso wa pili ni kuficha ukweli pale ambapo hakuna tiba. Maana zipo pia saratani za ubongo za aina hiyo. Kuna uvimbe wa shina la ubongo unaotapakaa, nao huwapata zaidi watoto wa miaka mitano hadi kumi. Hauwezi kupasuliwa, kwa kuwa umejisuka ndani ya mishipa inayosimamia pumzi na moyo. Mionzi humpa mtoto miezi, si miaka. Nusu ya watoto hufa kabla ya mwaka kwisha, na wanaofika miaka miwili ni chini ya mmoja kati ya kumi. Ndivyo ilivyo Ufipa, ndivyo ilivyo Marekani. Neil Armstrong, ambaye mwaka 1969 alikuwa binadamu wa kwanza kukanyaga mwezi, alimzika binti yake wa miaka miwili Januari 1962 kwa ugonjwa huo. Hapakukosekana fedha pale, wala elimu.

Mzazi wa mtoto kama huyo tumwambie nini? Kwa kawaida tunamwambia "usikiri kifo". Neno hilo linaonekana la ujasiri, lakini ni woga wetu sisi, kwa sababu hatujui tukae vipi na mtu asiyeweza kuponywa. Isaya alimwambia Hezekia ukweli. Luther, mwaka 1542, alikaa kitandani pa binti yake Magdalena mwenye miaka 13. Alimwombea apone kwa machozi, na bado alimwuliza kama yuko radhi kwenda kwa Baba yake wa mbinguni. Alimwandaa. Hakumdanganya.

Matarajio ya daktari si unabii, na daktari mwema hayatoi kama unabii. Anazungumzia watoto mia waliopita njia hiyo; huyu mmoja hajui atakuwa wa ngapi. Nafasi ya Mungu kutenda haipunguzwi na hesabu hiyo. Lakini mzazi anayeijua hesabu anaweza kuchagua: kumrudisha mtoto nyumbani akiwa bado anazungumza, kumpeleka akamwone bibi yake Kirando na kula migebuka anayoipenda, kumtafutia mofini ili asife akipiga kelele. Kule Uganda, Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993 na kuonyesha kwamba mofini ya maji ya kunywa inaweza kumfikia mgonjwa maskini nyumbani kwake. Hospitali yetu ya Kilutheri ya Selian, Arusha, imekuwa ikitoa tiba shufaa kwa miaka mingi. Hiyo ni kazi ya kanisa. Mzazi tuliyemfunga mdomo kwa jina la imani haombi mofini, kwa kuwa kuiomba ni kukubali.

Hoja wanazonirushia

Wananiambia: "Mchungaji, hospitali nako watu wanakufa." Kweli, wanakufa. Na kanisani nako tunawazika walioombewa. Swali si wapi watu hawafi. Swali ni wapi mtoto huyu, mwenye ugonjwa huu, ana nafasi. Na kwa meduloblastoma jibu linajulikana.

Wananiambia: "Umeacha kuamini uponyaji." Sijaacha. Naamini Mungu huponya pasipo dawa apendapo, nami namwomba hivyo bado. Ninachokataa ni kumwamuru, na kumtoza mtoto gharama ya ujasiri wangu. Mwenye imani ya kuruka ukuta aruke yeye. Asimrushe mtoto wa mwenzake.

Wananiambia: "Haya ni mawazo ya Wazungu." Basi waulize Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1889 alifika pale Adrian Atiman, Mwafrika aliyeibwa na kuuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika na kusomeshwa uganga Malta. Alikuwa tabibu na katekista kwa pamoja, katika mtu mmoja, hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 alifundisha sala na kufunga vidonda, na mkono wa kulia haukuona aibu kwa ajili ya mkono wa kushoto. Hospitali ya Kanisa Katoliki pale Sumbawanga ina jina lake. Tunapita mbele yake kila siku tukienda kubishana kama dawa na imani vinakaa pamoja.

Tufanye nini

Sitaki kumwacha msomaji na hasira tupu. Haya yako ndani ya uwezo wa usharika wowote wa nyanda hizi.

Kwanza, walimu wa shule ya Jumapili, wazee wa kanisa na umoja wa wanawake wafundishwe dalili: kichwa kinachouma alfajiri pamoja na kutapika kwa majuma, kupepesuka, macho kukengeza ghafla, shingo kupinda, kwa mtoto mdogo kichwa kukua kupita kiasi. Mtoto mwenye dalili hizo hapelekwi kwenye maombi kwanza na hospitali baadaye. Anapelekwa leo, naye anaombewa akiwa njiani.

Pili, kila usharika uwe na mfuko wa safari ya mgonjwa. Kutoka Sumbawanga hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na hadi Dar es Salaam ni zaidi ya 1,100. Huko ndiko kwenye mabingwa wa upasuaji wa ubongo katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, na tiba ya mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Watoto wenye saratani hutibiwa Muhimbili kwa msaada wa shirika la Tumaini la Maisha, bila wazazi kudaiwa. Kinachowarudisha watu nyuma mara nyingi ni nauli, chumba na chakula cha miezi. Baada ya mavuno, kila jumuiya itoe gunia moja la mahindi kwa ajili ya mfuko huo. Na kwa kuwa tuna sharika Dar es Salaam, tuwaandikie: mgeni wetu anakuja, mpokeeni.

Tatu, mchungaji asitangaze uponyaji wa mtu aliye kwenye tiba. Amshukuru Mungu kwa kila siku njema, na tiba iendelee hadi daktari aseme imetosha.

Nne, jina la mtu yeyote likitajwa kwa uchawi kuhusiana na mgonjwa, mchungaji asimame Jumapili hiyo hiyo amtetee hadharani. Asingoje picha ya CT. Mimi nilingoja.

Tano, tujifunze kukaa na wasiopona. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku saba walipoketi naye kimya. Waliharibu walipoanza kueleza.

Mama wa mtoto yule bado anaimba kwaya, sauti ya pili. Hajawahi kunilaumu, na nilipomwomba msamaha alinyamaza kitambo kirefu, kisha akasema, "Mchungaji, tulikuwa wawili." Sikukubali, maana yeye aliuliza, nami ndiye niliyejibu. Mwaka juzi mama mwingine aliingia ibadani na binti anayeumwa kichwa alfajiri na kutapika. Kabla sijafungua kinywa niombe, mama yule alikuwa amekwisha kuinuka kutoka kwenye kwaya, ameushika mkono wa mwenzake, anamwuliza: "Una nauli? Basi la Mbeya linaondoka alfajiri. Nitakwenda nawe."

Tukawaombea wakiwa wamesimama mlangoni, na mizigo yao mkononi.